Mafunzo ya kilimo hai kwa wafanyakazi wa shule: siku nne Morogoro, na mwaka mmoja baadaye

Mwezi huu nimeulizwa mara tatu na walimu wenzangu kama yale mafunzo ya bustani ya shule tuliyokwenda Morogoro yana faida. Naandika hapa ili nisirudie tena. Yana faida, ila inategemea mmempeleka nani.

Mimi ni mwalimu wa EK (Elimu ya Kujitegemea), shule ya msingi ya serikali. Kituo sikitaji, kwa sababu nina malalamiko nacho na hapo hapo watu wake walitupokea kama wageni wa harusi. Kiko nje kidogo ya mji, ukisimama mlangoni mwa bwalo unaiona milima ya Uluguru. Siku nne, kulala na kula humo humo. Sharti lao: kila shule ilete watu watatu, na mmoja wao asiwe mwalimu. Hilo lilituudhi kweli. Mwisho wa mafunzo kuna cheti, na cheti kwa mwalimu unajua kilivyo. Baada ya mabishano ofisini tukaenda mimi, mwalimu wa sayansi, na mlinzi wetu wa usiku, mzee aliyekuja stendi na panga lake limeviringishwa kwenye gazeti kwa kuwa aliambiwa anakwenda shamba.

Siku ya kwanza hatukushika jembe. Mwezeshaji, dada mmoja mpole lakini hacheki ovyo, alituuliza: nani hapa aliwahi kulima shuleni kama adhabu? Bwalo zima mikono juu. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule izalishe na mtoto ajifunze kwa kutenda, lakini wengi wetu jembe tulilijua kwa kuchelewa namba. Akasema basi sharti la kwanza la bustani yenu ni hilo: haendi mtu kule kwa kosa. Nikaandika kwenye daftari, nikaona ni maneno mazuri tu ya semina. Ngoja nitarudi hapo.

Kilichonikaa zaidi ni mboji. Chini mabua, juu yake majani makavu, kisha mabichi, kisha samadi, majivu kiganja, udongo kidogo, maji, halafu unaanza upya mpaka lundo lifike kifuani. Katikati unachomeka kijiti kirefu. Baada ya siku tatu hivi unakichomoa na kukishika: kikiwa cha moto, kazi inaendelea, kikiwa baridi, umekosea mahali. Walitusisitizia pia kwamba samadi mbichi haiwekwi kwenye mchicha wa kuliwa na watoto, lazima ipite kwenye mboji kwanza. Mboga tuliyozoea kuilima kwa kinyesi cha ng'ombe cha jana yake, nilijisikia vibaya.

Dawa ya mwarobaini tuliitengeneza wenyewe: mbegu zilizopondwa, zikalala kwenye maji usiku kucha, zikachujwa, sabuni kidogo ili ishike kwenye jani. Inapigwa jioni, maana jua huimaliza nguvu. Mshiriki mmoja akasema kwao wanatumia maji ya tumbaku na vidukari vinakufa papo hapo. Dada akamjibu kwamba hata mtoto anaweza kufa nayo, na hakuna mboga inayostahili hilo.

Sasa malalamiko. Kitini ni cha Kiingereza, kurasa arobaini na kitu. Tunafundisha kwa Kiswahili, tunalima kwa Kiswahili, mlinzi wangu anasoma Kiswahili vizuri kuliko baadhi ya walimu, halafu mnampa kitini cha Kiingereza! La pili, pale kituoni wana kisima na mipira ya umwagiliaji wa matone. Sisi shuleni watoto wanakuja na vidumu kutoka bombani, bomba lenyewe ni la mgao. Nilipouliza, nikaambiwa tutandaze nyasi kwenye matuta ili unyevu ukae. Ni kweli inasaidia, lakini nyasi zetu mchwa walizila ndani ya wiki mbili. La tatu, waliahidi kuja kututembelea baada ya miezi mitatu. Hadi leo tunawasubiri.

Na kuna jambo ambalo hawakuligusa kabisa: likizo. Bustani ya shule haifi kwa wadudu, inafia Juni na Desemba geti likifungwa.

Tuliporudi, lundo la kwanza lilinuka mpaka mama mpishi akatishia kuhama jiko. Tulikuwa tumejaza maganda na mabaki ya jikoni matupu. Mzee ndiye aliyelifumua, akachanganya mabua makavu, akalipanga upya. Siku ya nne akawaita darasa la nne wakashike kijiti. Mtoto mmoja akakirudisha haraka na kusema, "Babu, lina homa!" Tangu hapo wanapita kila asubuhi kumpima mgonjwa kabla ya kengele.

Lile la adhabu nalo likaja kunidai. Tulipanda mnafu matuta matatu, ukastawi. Jumatatu moja mwalimu wa zamu akawakamata wachelewaji kumi na wawili, akawapeleka bustanini wakang'oe magugu. Mtoto aliyekasirika na hajawahi kufundishwa bustani hatofautishi mnafu na gugu. Nilikuta matuta meupe, na mnafu wote umerundikwa kando, umepangwa vizuri kabisa. Mzee alisimama pale muda mrefu, kisha akauliza kama angalau unaweza kwenda jikoni. Ukaenda, ukachanganywa na maharage, na siku hiyo hiyo mwalimu mkuu akatangaza kwamba bustani si mahali pa adhabu.

Mwalimu wa sayansi alihamishwa Mei, akaondoka na cheti chake. Sikumlaumu, uhamisho hauchagui. Juni shule ikafungwa, na mimi nikaenda nyumbani. Nilirudi nikakuta mchicha umeachwa mashina sita yatoe mbegu, kama tulivyofundishwa, kwa sababu za dukani nyingi huja zimepakwa dawa. Mbegu zenyewe zilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, zimechanganywa na majivu, na karatasi imeandikwa tarehe. Mzee alikuwa akimwagilia alfajiri kabla ya kumaliza zamu, kidumu kimoja kwa tuta, hajaambiwa na mtu.

Kwa hiyo nawapa nyota nne. Tano wangezipata kama wangekuja walivyoahidi.

Wiki iliyopita kituo kimepiga simu, kuna awamu ya pili na wanataka majina mawili ya walimu. Nimepeleka la mzee na la mama mpishi. Wakauliza kama hao wataelewa kitini. Nimewajibu wakichape cha Kiswahili, tena herufi zake ziwe kubwa, mzee hana miwani.