Mtambo wa upepo: wenye giaboksi au usio nayo?

Mitambo 365 ya Vestas V52 kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, ina giaboksi, yaani sanduku la gia linaloongeza kasi ya mzunguko: mapanga huzunguka mara 26 hivi kwa dakika, jenereta inadai zaidi ya 1,000. Giaboksi haiharibiki mara kwa mara, ila beringi au meno ya gia yakifa huitwa kreni kubwa, na mtambo husimama siku nyingi.

Kampuni ya Enercon ya Ujerumani iliachana na giaboksi tangu miaka ya 1990. Jenereta huzunguka pamoja na mapanga. Raha? Nusu tu. Jenereta hiyo ni pana, nzito, na hitilafu huhamia kwenye vifaa vya umeme, hasa konveta (kifaa kinachobadilisha umeme wa jenereta uendane na gridi), ingawa hizo hutengenezeka upesi.

Baharini, ambako kumfikisha fundi ni shughuli, ningechagua usio na giaboksi. Nchi kavu, kreni ikipatikana, sioni haraka ya kuhama.