Wurlitzer ya Ray Charles na ile ya Aretha

Kinanda ni kilekile, piano ya umeme iitwayo Wurlitzer: nyundo ndogo hugonga ndimi za chuma badala ya nyuzi, kisha umeme unakuza sauti. Katika "What'd I Say" (1959), Ray Charles anaanza na kinanda chenyewe, mkono wa kushoto ukizungusha besi yenye mkwaruzo kidogo, na mtu hajaimba bado lakini mguu umeshaanza kugonga sakafu. Wimbo ulizidi dakika 6, ukagawanywa pande mbili za santuri. Kwa mwimbaji Aretha Franklin, katika "I Never Loved a Man" (1967), mpiga kinanda ni Spooner Oldham, kule Muscle Shoals, Alabama. Noti chache tu, halafu anampisha Aretha. Wimbo wa kucheza dansi ni wa Ray, hilo halina ubishi. Ila mimi zile noti chache za Oldham ndizo zinazonimaliza.