Mwalimu wa honda wa Fuoni: amenionyesha pa kukaa njiani

Mtihani wa kwanza wa kuendesha honda (pikipiki) barabarani nilifeli. Mwalimu niliyekuwa naye mwanzo, simtaji, alinizungusha wiki tatu kwenye koni kiwanjani, na nasaha yake ya njiani ilikuwa moja tu: "Jibane kushoto, dada." Nikajibana. Siku yenyewe nikaambiwa nikate kulia, nikakata kutokea ukingoni kabisa na daladala iko nyuma yangu. Ile honi naisikia mpaka leo.

Dada yangu ndiye aliyenipeleka Fuoni, huku Unguja, kwa mzee aliyestaafu udereva. Somo la kwanza hatukuwasha hata honda. Aliokota kijiti, akachora njia mchangani, akaigawa upande wetu mapito matatu: panapopita tairi la kushoto la gari, katikati, na panapopita tairi la kulia. "Mwanangu, hapa katikati ndipo gari zinapodondosha oili. Mvua ikianza tu, panateleza. Huku ukingoni kuna mchanga, mashimo, na milango ya gari zilizosimama." Kwa hivyo mara nyingi unakaa pito la kulia: dereva wa mbele anakuona kwenye kioo chake, na wa nyuma hapati upenyo wa kukubana. Likija lori linalovamia upande wako, unarudi kushoto upesi. Hukai pahala pamoja ukaganda.

Kukata kulia tulikurudia asubuhi nzima. Kioo, indiketa, geuza shingo utazame nyuma ya bega, kisha ndiyo usogee karibu na mstari wa kati, mapema, kabla hujafika njia panda. Nikisahau shingo, ananigonga helmeti kwa kidole kutoka nyuma. Siku ya nne nilitazama kioo, kitupu. Nikageuza shingo: baiskeli yenye tenga la samaki iko ubavuni pangu, karibu nimguse yule kijana mkono. Wallahi nilitetemeka. Tangu hapo sijasahau tena.

Halafu akanipeleka raundi abauti ya Michenzani, saa ya watu kurudi makazini, nijifunze kuwapisha wanaotokea kulia bila ya kusukumwa na honi za nyuma.

Kasoro zipo. Honda yake kongwe, klachi ngumu, vidole vinauma mpaka usiku. Helmeti ya wanafunzi ni moja, mimi nilinunua yangu. Na masomo manane kwa shilingi 120,000 si bei ndogo kwa mtu wa mshahara wangu, lakini ningelilipa tena.

Mtihani wa pili nimepita, alhamdulillah. Ukienda kwake vaa viatu vya kufunika vidole, na mwenye baibui aje na pini za kutosha: hakuruhusu kupanda mpaka aone pindo haliwezi kufika kwenye cheni.