LibreOffice Writer na orodha za ngazi nyingi: uzoefu wangu wa kuchapa katiba za vikundi

Riziki yangu ni kuchapa nyaraka za watu, na nyingi ni katiba za vikundi: vikoba, akina mama wa mtaani, madereva wa bodaboda. Katiba haiendi bila ngazi. Ibara ina namba yake, chini yake kuna (a) na (b), na chini ya (a) zinafuata (i) na (ii). Mwanachama anayesoma kwa shida lazima aone kwa macho tu kipi kiko chini ya kipi. Kazi hiyo naifanya kwa LibreOffice Writer, programu ya kuchapia nyaraka kwenye kompyuta, na sina mpango wa kuiacha.

Kushusha ngazi ni kwepesi mno. Naanza orodha kwa F12, naandika "Masharti ya uanachama", nabonyeza Enter, kisha Tab kabla sijaandika herufi yoyote. Kipengele kinaingia ndani. Shift pamoja na Tab kinarudi nje. Ila kishale kiwe mwanzoni kabisa mwa kipengele. Kikiwa katikati ya maneno, Tab inaacha pengo tu. Ngazi zipo 10, na katiba ya kikundi ikifika ya nne ni ndefu kweli.

Uzuri wenyewe uko kwenye dirisha la "Bullets and Numbering", kichupo cha "Position". Mara ya kwanza visanduku vyake vinatisha, lakini viwili ndivyo vya kuvielewa. "Aligned at" ni mahali namba inaposimama. "Indent at" ni mahali maneno yanapoanzia, pamoja na mstari wa pili na wa tatu wa kipengele hichohicho. Ngazi ya kwanza naipa sentimita 0 na 1, ya pili 1 na 2, ya tatu 2 na 3, na kipimo cha "Tab stop" (mahali mstari wa kwanza unaporukia baada ya namba) nakilinganisha na cha "Indent at". Matokeo yake (a) inasimama wima chini ya herufi ya kwanza ya ibara, na sentensi hata iwe ndefu vipi hairudi kujificha chini ya namba. Karatasi inapumua. Sura ya namba, iwe (a) au (i), unachagua kwenye dirisha hilohilo, ngazi kwa ngazi.

Rasimu nyingi ninazoletewa kwenye flashi zimesogezwa kwa kubonyeza nafasi, nafasi, nafasi. Badili fonti tu, yote yanapinda. Hizo nazisafisha zote kabla ya kitu kingine, maana kuzirekebisha kijuujuu ni kupoteza muda.

Mkutano ukiongeza faini ya wachelewaji kati ya (b) na (c), nabonyeza Enter, naandika, na zinazofuata zinajihesabu upya. Jihadhari na maneno kama "rejea ibara ya 7(c)" yaliyochapwa kwa mkono, kwani hayo hayabadiliki. Yaingize kwa "Cross-reference", yaani rejeo linalofuata namba ya kipengele chenyewe, upande wa "Numbered Paragraphs", na ukimaliza bonyeza F9 yasasishwe.

Programu ni ya bure, iwe kwenye Windows, macOS au Linux. Mteja akitaka .docx, yaani faili la Microsoft Word, namhifadhia hivyo, lakini naifungua tena na kukagua ngazi zote kabla ya kumtumia.