Nilifelishwa kwa ukungu ambao mwalimu hakuuona

Kama unatafuta orodha ya masomo, au miezi mingapi ya baharini inatakiwa kabla ya kukaa kozi ya chifu ofisa (msaidizi mkuu wa kapteni), hapa sipo. Hayo yapo kila mahali. Mimi nimekuja kukipa nyota chuo nilikoisomea kozi hiyo, na kisa cha ukungu ambacho bado kinanichemsha.

Ilikuwa wiki ya simuleta, mwaka juzi au uliotangulia. Kwa wasioijua, ni chumba kilichotengenezwa kama daraja la meli: usukani, rada, ramani ya kielektroniki, na mbele yako skrini kubwa zenye bahari. Mwalimu anakaa chumba cha pili na kompyuta yake. Yeye ndiye anayepanga hali ya hewa na meli zitakazokujia, na ukimpigia kapteni simu, anayepokea ni yeye.

Kundi lililotutangulia lilikuwa na zoezi la ukungu. Wakatoka, tukaingia watatu kwa zoezi jipya, mimi nikiwa afisa wa zamu. Skrini zikawaka: weupe mtupu, huoni hata omo, yaani ncha ya mbele, ya meli yako mwenyewe. Sikushangaa. Nikafanya kile ninachokifanya kazini kwenye zamu yangu ya saa 6 usiku hadi saa 10 alfajiri. Mwendo nikaupunguza, mashine zikawekwa tayari, mwenzangu mmoja nikamsimamisha aangalie na kusikiliza, honi ndefu ikalia kila baada ya dakika mbili. Kwenye rada ikatokea meli, nyuzi kama 30 kushoto kwa omo, umbali unapungua na pembe haibadiliki. Aliyewahi kusimama zamu anajua maana yake: mkiendelea hivyo, mnagongana. Nikageuza kulia mapema, kwa nyuzi nyingi ili hata yule wa upande wa pili aone kwenye rada yake. Ikapita mbali kabisa. Nilijiona bingwa, nisiseme uongo.

Kisha tathmini, mbele ya darasa zima.

"Wewe, nani alikufundisha kupiga honi ya ukungu jua likiwa utosini?"

Watu wakaangua kicheko. Akaendelea kunipasha: meli inayotokea kushoto ndiyo inayopaswa kupisha, mimi nilitakiwa nishike mwelekeo na mwendo wangu, Kanuni ya 17 ya kuzuia meli kugongana, hata kadeti anaijua. Nikamjibu kwa adabu, Mwalimu, Kanuni ya 17 ni ya meli zinazoonana kwa macho. Ndani ya ukungu hakuna anayepishwa wala anayeshika njia, kila mmoja anawajibika, ndiyo maana ikawekwa Kanuni ya 19.

"Ukungu upi?"

Akatuonyesha skrini yake. Anga safi, upeo wa maili 10.

Hapo ndipo akili ikanirudi. Ukungu wa wale wa kwanza ulikuwa umeganda kwenye skrini zetu. Kwake kweupe, kwetu giza jeupe. Nikawageukia wenzangu wawili, yule wa usukani na yule niliyemsimamisha aangalie. Mmoja akawa anafunga kamba za kiatu. Mwingine akasema hakuwa makini na skrini. Kazi yake ilikuwa kuangalia! Na asubuhi ileile tulikuwa tumefundishwa usimamizi wa timu ya daraja: mdogo akiona mkubwa anakosea, aseme, meli zimepotea kwa sababu watu walinyamaza.

Mwalimu akamalizia: "Kijana, anayeshindwa husingizia mashine. Utabaki sekondi, ofisa wa pili, mpaka ustaafu." Kijana! Mimi mvi zimeshaanza kwenye ndevu.

Jioni fundi alizima mtambo, akauwasha, ukungu ukaondoka. Akaniambia bila hata kuona haya kwamba huwa unafanya hivyo. Matokeo yangu hayakubadilika. Nikaambiwa nirudie na kundi linalofuata.

Kwa hiyo msiende pale. Ila nisimnyime mtu haki yake: mwalimu wa uthabiti wa meli, kapteni mstaafu, mzee mpole, nitamkumbuka mpaka nife. Alikuja darasani na trei yenye maji kidogo, akamtaka kila mmoja wetu aivushe chumba. Tukalowa. Kisha akaleta trei ya pili iliyogawanywa katikati kwa urefu wake, maji kiasi kilekile, ikavuka kwa utulivu. Akauliza: kama trei ni tangi la meli, madhara ya maji kuyumba ndani yake yamepungua kwa kiasi gani? Sote: nusu. Akatikisa kichwa. Yanabaki robo, kwa sababu upana wa tangi unaingia kwenye hesabu mara tatu: upana mara upana mara upana. Fomula hiyo nilikuwa nimeikariri miaka na miaka, nikaielewa siku ile suruali ikiwa imelowa. Leo sipendi kuona matangi mawili yamejaa nusu kwa pamoja, na kila nikiyaona namkumbuka yeye. Basi nendeni, lakini kwa ajili yake.

Kuna jambo moja sikulisema pale darasani. Maagizo ya kapteni yaliyokuwa mezani siku ile yalikuwa wazi: uwezo wa kuona ukipungua, niite. Simu ilikuwa karibu na mkono wangu na sikuinyanyua, nilitaka kuonyesha kwamba naweza peke yangu. Ningempigia, angeuliza "ukungu upi?" na kisa kizima kingeishia pale. Kosa la kunifelisha lilikuwepo, ila silo alilonifelishia, na mpaka leo sidhani kama aliliona.

Nilianza na nyota moja. Nilipofika kwenye trei nikaweka tatu. Sasa nimekumbuka kile kicheko, narudisha ile moja.

Kozi niliirudia, cheti ninacho, siku hizi zamu yangu ni saa 10 hadi saa 2, zamu ya chifu ofisa. Yule mwalimu wa simuleta radhi hajaniomba.