South Kaibab peke yangu: hadi Cedar Ridge na kurudi

South Kaibab ni njia ya miguu inayoshuka ndani ya Grand Canyon, korongo kubwa la Marekani. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibania kwa sababu njiani hakuna tone la maji, na kivuli kikiisha asubuhi ndiyo basi.

Nilikwenda Oktoba, peke yangu, lengo likiwa dogo: Cedar Ridge, mahali pa kupumzikia njiani, kilomita 2.4 tu kushuka. Gari binafsi haliruhusiwi kufika mwanzo wa njia, kwa hiyo nilipanda basi la bure la hifadhi alfajiri.

Kona za mwanzo zimebanana kwenye ukuta wa mwamba, baridi inang'ata masikio. Ukifika Ooh Aah Point, ukuta unaisha na Grand Canyon yote imefunguka mbele yako. Jina hilo, la milio ya mshangao, nililicheka nilipoliona kwenye ramani. Nilipofika nikatoa mlio huohuo kama wengine. Kuanzia hapo njia inafuata mgongo wa mlima, bonde kushoto na kulia, na hakuna kizuizi pembeni. Kama kimo kinakutia kizunguzungu, jipime kwanza.

Mbele kidogo nikakutana na msafara wa nyumbu (baghala, si wale wa mbugani). Hao ndio wenye njia. Unasimama upande wa ukuta, mbali na ukingo wa bonde, unanyamaza na kumsikiliza anayewaongoza. Walichoacha nyuma yao kwenye vidato vya magogo hakionekani kwenye picha za mtu yeyote, ila pua itakijua.

Kushuka kulinichukua dakika 40, nikajiona kijana. Vumbi lililoanza jeupe sasa lilikuwa jekundu. Cedar Ridge ina vyoo, na kindi wanaokuja kukagua begi lako, usiwalishe, wanauma. Skeleton Point ilikuwa kilomita 2.4 zaidi na miguu ilitamani. Nikatazama maji: kati ya lita 3 zilibaki 2. Ningekuwa na mwenzangu labda tungebishana. Nikageuka.

Kupanda zile mita 340 kulikula saa 1 na dakika 25, nikipumzika kila kona, maana juu ni zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari na pumzi inapungua. Saa 4 asubuhi nilipishana na vijana wakishuka kwa mbwembwe, kila mmoja na kachupa kamoja.

Fimbo za kutembelea nilikuwa nimeziacha hotelini, nikidhani ni za wazee. Magoti yalinisuta siku mbili.