Niliunguza injini nne bila kutoa hata shilingi: uzoefu wangu wa simuleta, Mwanza

Kabla ya ndege nilikuwa fundi wa injini za boti pale Mwaloni, Kirumba. Injini ya boti ukiikosea, unaifungua upya. Ya Caravan, ile ndege ndogo ya Cessna, ukiikosea wakati wa kuiwasha, umeunguza pesa ambayo ukoo mzima hauna. Ndiyo maana nikalipia kozi ya wiki sita ya ufundi wa ndege kwa simuleta, yaani kompyuta inayoigiza ndege, hapa hapa Mwanza.

Zoezi lililorudisha ada yangu yote ni kuwasha PT6A, injini ya hiyo Caravan. Unawasha stata, mzunguko unapanda, ukifika asilimia 12 ya kasi kamili ndipo unafungua leva ya mafuta. Siku hiyo mwalimu alikuwa ameshusha betri chini ya volti 24, kimya kimya. Nikafungua mafuta. Mzunguko ukawa unajikokota, joto likapaa: 800, 950, 1,050. Kikomo cha kuwashia ni nyuzi 1,090, tena kwa sekunde 2 tu. Nikakata mafuta, halafu kwa kiwewe nikazima na stata. Hapo ndipo nilipoharibu! Stata ilitakiwa iendelee kuzungusha ili hewa ipoze ndani. Skrini ikawa nyekundu, wenzangu wakacheka hadi machozi. Nimeunguza injini nne kwa staili hizo. Ya tano nilianza kwa kusoma volti, na mpaka leo jicho langu linakwenda huko kwanza.

Malalamiko ninayo. Miwani ya kuvaa kichwani ilikuwa mitatu, sisi kumi na wawili, na kwa joto la mchana unaivaa ikiwa na jasho la mwenzako. Umeme ukikatika, zoezi linaanza mwanzo. Kilichoniudhi zaidi, programu ilikuwa imewekwa kama uwanja uko usawa wa bahari, wakati huu wetu uko juu zaidi ya mita 1,100. Nikauliza, nikajibiwa haina shida. Ina shida: hewa ikiwa nyepesi, injini inawaka kwa joto zaidi.

Na msidanganywe kuwa ni njia ya mkato ya leseni. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka uzoefu wa kazi wa miaka 4, au 2 kama umepitia mafunzo yaliyoidhinishwa, na uzoefu huo ni wa kushika ndege yenyewe au sehemu zake.

Nilipoingia karakana nilikuwa nimejaa kichwa. Mzee anayetusimamia akanipa boliti mbili na waya wa kuzifunga zisilegee. Kwenye kompyuta waya ule ni kubofya mara moja. Nikausokota, nikaona umependeza.

"Shikamoo mzee, nimemaliza."

"Marahaba." Akauvuta kwa kidole. "Umeufunga upande wa kufungulia, mwanangu. Kata, anza upya."

Nilikata mara saba.